Shajara ya mradi: kuipanga ofisi yetu ya uwakili, Dodoma

16 Desemba 2024

Mahakama Kuu imeingia likizo jana, na ratiba ya kawaida hairudi mpaka 31 Januari ipite. Mahakama za chini na mabaraza yanaendelea, ila kasi imepungua. Kwa mwaka mzima huu ndio muda pekee ambao mawakili wote wa ofisi wanaweza kukaa meza moja bila mmoja wao kuchungulia saa. Leo tumekaa. Mzee, mwanzilishi wa ofisi (tunamwita hivyo sote, hata wateja waliomzidi umri), amekubali tutumie miezi sita kujipanga, kwa sharti moja: asiambiwe kujaza fomu yoyote. Tutaona.

Mradi nimekabidhiwa mimi. Ofisi ni ndogo: Mzee, mawakili wawili chini yake (mmoja ni mimi), karani anayezunguka mahakamani, dada wa mapokezi, na mara kwa mara mwanafunzi wa Shule ya Sheria anayekuja kwa mafunzo ya vitendo. Ukubwa huu ndio wenye matatizo. Ukiwa peke yako unakumbuka kila kitu, na mkiwa thelathini mnaajiri meneja. Mkiwa sita, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeandika tarehe.

Nimeandika ubaoni hoja ya mradi ili nisitoke nje ya mstari. Mteja anadhani ananunua ufasaha wa wakili mbele ya hakimu. Kwa sehemu kubwa ananunua mambo matatu yasiyo na kelele: tarehe yake isipite, hela yake isichanganyike na ya ofisi, karatasi yake isipotee. Kwa sasa yote matatu yanakaa kichwani mwa mtu, na mara nyingi ni kichwa cha Mzee. Kazi ya miezi hii sita ni kuyatoa humo.

18 Desemba

Kabati la mafaili. Tumelifungua lote na kuyapanga mafaili sakafuni kwenye chumba cha mikutano. Majina yaliyoandikwa juu: "Mama wa Kibaigwa, mahindi". "Yule mwalimu wa Bahi". "Kiwanja Nkuhungu la pili". "Mzee anajua". Hilo la mwisho ni faili kweli, na ndani yake mna hati halisi ya kiwanja cha mtu.

Mafaili ya ardhi ndiyo mengi kuliko yote, na hiyo ni historia ya mji wenyewe. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilikuwa ikitoa viwanja kwa hati za miaka 33 hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri. Baada ya hapo watu wakaanza kubadilisha hati kwenda miaka 99, na kila mwenye mgogoro wa mpaka, wa fidia au wa kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili akakumbuka kwamba anahitaji wakili. Matokeo yake faili moja la ardhi linaweza kuwa na barua za chombo ambacho hakipo tena, na nakala yake usiipate kwingine kokote. Hayo hatutupi hata kesi ikiisha. Yamehamia kwenye kabati la chuma, maana la mbao mchwa wameshaanza nalo kwa chini.

Namba tumeamua ziwe fupi: herufi mbili za aina ya kazi, mwaka, na namba ya kufuatana. AR ni ardhi, KZ ni kazi, MD madai, MR mirathi, JN jinai, KB kampuni na biashara. Faili la kwanza la ardhi mwakani litakuwa AR/25/001. Jina la mteja linabaki ndani na kwenye rejista. Juu ya jalada hapakai jina, kwa sababu mafaili husafiri na karani kwenye bodaboda na hukaa mezani pa mapokezi watu wakipita.

Rejista inaandikwa majina ya pande zote mbili. Hili nimelisisitiza mpaka wenzangu wakachoka. Kila mteja anapokuja, kabla hata ya kumkaribisha chai, jina la anayetaka kumshtaki linatafutwa kwenye rejista. Mji huu ukoo mmoja unaweza kuwa na watu Kisasa, Chamwino na Mpwapwa, na wote wakaja kwako kwa nyakati tofauti.

8 Januari 2025

Leseni za uwakili. Zinaisha 31 Desemba kila mwaka, na Januari ndio mwezi wa kuzihuisha. Nimetengeneza ukurasa mmoja wenye ada ya Chama cha Mawakili Tanganyika, mafunzo endelevu na ada ya cheti chenyewe, kila kimoja na jina la mtu wa kukifuatilia. Si mimi, ni dada wa mapokezi. Amelimaliza kabla ya mawakili hatujamaliza kubishana nani alilipa mwaka jana.

14 Januari

Kalenda. Hapa ndipo roho ya ofisi ilipo na nimejipa wiki nzima.

Tumeanza kwa kuandika kwenye karatasi moja kubwa muda wa kisheria wa kazi tunazozipata zaidi. Utetezi wa maandishi kwenye shauri la madai: siku 21 tangu mdaiwa apokee hati ya madai. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi: siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi. Anayetaka tuzo ya Tume ifanyiwe marejeo Mahakama Kuu: wiki sita. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: siku 45. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani: siku 30, kisha kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60. Madai ya mkataba miaka 6, madhara miaka 3, kurudisha ardhi miaka 12. Na kwa mji huu wa Serikali, notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali, halmashauri ikiwemo, nakala kwa Mwanasheria Mkuu.

Mzee alisoma karatasi akasema haya yote anayajua. Ni kweli anayajua. Nikamwuliza karani anayajua? Karani akatazama dirishani. Karani ndiye anayepokea hukumu pale dirishani kwa msajili, kwa hiyo saa inaanza kuhesabu mkononi mwake, wakili akiwa bado Kondoa kwenye kesi nyingine.

Kanuni tatu zimetoka kwenye kikao hicho.

Ya kwanza: kila muda una tarehe mbili, ya sheria na ya kwetu. Ya kwetu inakuja mapema kwa theluthi moja hivi. Utetezi wa siku 21 kwetu ni siku 14. Kwenye kalenda ya ukutani inaandikwa ya kwetu tu, kwa wino mwekundu. Ya sheria inakaa ndani ya faili. Watu wakiiona tarehe ya mwisho kabisa wanaifanyia kazi hiyo hiyo.

Ya pili: tarehe inaandikwa na aliyeipokea karatasi na inasainiwa na mtu mwingine aliyehesabu upya kwa kalenda mkononi. Hakuna anayejihakiki mwenyewe, Mzee akiwemo.

Ya tatu inahusu nakala. Siku ya hukumu, kabla jua halijazama, barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) inaingia kwa msajili hata kama mteja hajaamua kukata rufaa. Kwa rufaa ya Mahakama ya Rufani barua hiyo iombe na mwenendo wa shauri, na lazima iandikwe ndani ya siku 30 na nakala apewe mpinzani, vinginevyo huwezi kuomba siku za kusubiri nakala ziondolewe kwenye hesabu. Barua ni aya mbili. Tumeichapa kama kiolezo, karani anajaza majina na namba ya shauri akiwa bado kwenye benchi la mahakama.

15 Januari

Kama vile kalenda ilikuwa imesikika mtaani: leo ameingia kijana aliyekuwa fundi kwenye ujenzi upande wa Mtumba. Ameachishwa kazi kwa ujumbe wa simu. Anasema "mwezi uliopita". Tukafungua simu yake, tukatafuta ujumbe wenyewe: 19 Desemba. Siku ya 27. Dada wa mapokezi ndiye aliyeuliza swali hilo, kwa sababu sasa fomu ya kupokea mteja inaanza na "jambo hili lilitokea tarehe gani?" kabla ya jina la shahidi yeyote. Fomu ya Tume imejazwa hapo hapo, mwajiri kapelekewa nakala, na karani kaiwasilisha mchana.

Kwenye fomu mstari wa tarehe uko juu ya mstari wa jina. Mwenzangu aliona ni kukosa adabu. Tumeuacha huko huko juu.

3 Februari

Siku ya Sheria. Mahakama imefungua mwaka, mji umejaa majoho na foleni. Hakuna kazi ya mradi iliyofanyika.

12 Februari

Meza ya mbele. Nilidhani ingekuwa kazi ya nusu siku.

Kila Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi, foleni yetu inafika kwenye ngazi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma na waliotoka mikoani kwa usaili wanataka vyeti vithibitishwe, kiapo cha majina yanayotofautiana, hati ya kiapo ya cheti kilichopotea. Fedha ndogondogo, taslimu au kwa Lipa Namba, siku nzima. Kwa miaka yote hela hiyo imekuwa ikiingia kwenye droo na kutoka kwenye droo: umeme, wino, nauli ya karani, chai. Hakuna aliyeichukua, hilo nina uhakika nalo. Ila hakuna aliyejua ni kiasi gani.

Tumeiandika kwa wiki tatu sasa. Inalipa pango la ofisi na kubaki. Mzee amekaa kimya kwa muda baada ya kuona hesabu hiyo, maana yeye huiita kazi ya mihuri na huwaachia wadogo. Kwa hesabu za mtiririko wa fedha, kazi ya mihuri ndiyo inayotuwezesha kusubiri kesi kubwa zilipe. Lazima itunzwe kama biashara kamili.

Kwa hiyo: risiti ya EFD (mashine ya kodi) kwa kila mtu, hata kwa ukurasa mmoja. Bei imebandikwa mezani ili dada asigeuzwe mtu wa kupatana. Kitabu cha viapo kina safu za tarehe, jina la mlapaji (anayekula kiapo), kitambulisho alichoonyesha, na sahihi. Hatupigi muhuri mtu asipokuwepo. Jana kulikuwa na bwana mmoja mwenye suti aliyeleta viapo vya watu saba "wako kazini, wana haraka". Dada alimjibu kwa upole unaouma: "Shikamoo baba. Waambie waje wakipumzika, sisi tupo mpaka saa kumi na moja."

Jambo la kiufundi, kwa ajili ya atakayerithi meza hii: kiapo lazima kiseme mahali na tarehe kilipoapwa, na kieleze kama Kamishna wa Viapo, yaani anayeapisha, anamfahamu mlapaji mwenyewe au ametambulishwa kwake na nani. Hivyo vipengele viwili huonekana ni mapambo ya mwisho wa ukurasa, lakini wakili wa upande wa pili huanzia hapo hapo kukiombea kiapo kiondolewe, na maombi yako yote yanaanguka nacho. Kiolezo chetu cha zamani kilikuwa na nafasi ya tarehe tu. Kimebadilishwa.

27 Februari

Fedha, sehemu ya ugomvi.

Akaunti ni mbili. Moja ya ofisi, moja ya wateja. Hela ya kununulia kiwanja Iyumbu ambayo mnunuzi ameiweka kwetu mpaka uhamisho ukamilike si yetu, hata kwa saa moja, hata kama mshahara umechelewa. Hayo ni maadili ya kazi na ni sheria. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kuoanisha salio la akaunti ya wateja na orodha ya majina ya wenye hela. Sasa linafanyika kila Ijumaa, na jumla ya majina isipolingana na benki hakuna anayerudi nyumbani.

Kwenye hela za viwanja tumeongeza pia hatua ya utambulisho. Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006 inatuhesabu mawakili miongoni mwa wanaowajibika kutoa taarifa za miamala yenye shaka tunapofanya miamala ya ardhi au kushika fedha za watu. Namba ya NIDA, chanzo cha fedha, na kama ni kampuni, wamiliki wake halisi ni nani. Wateja wengine wananuna. Nimegundua wananuna kidogo wakiulizwa na fomu kuliko wakiulizwa na mtu.

Ada. Hatufungui faili bila makubaliano ya ada ya maandishi. Kigezo chetu ni Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, na juu yake tunaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka: ada inahusu hatua zipi, haihusu zipi (rufaa ni makubaliano mapya), ada za mahakama analipa nani, na safari za wilayani zinahesabiwaje. Ada ya mahakama mteja anailipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya Serikali tunayomtumia. Hapo tu tumeondoa nusu ya minong'ono.

Hesabu niliyoichora ubaoni kwa ajili ya mteja wa taasisi: ada shilingi 1,000,000. VAT asilimia 18, shilingi 180,000. Ankara 1,180,000. Taasisi inakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada, shilingi 50,000, inatuma 1,130,000. Kati ya hizo 180,000 ni za TRA na zinatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kilichobaki mkononi ni 950,000 na cheti cha zuio cha 50,000 (uthibitisho wa kodi tuliyokwisha katwa), ambacho ni hela kamili ukikitunza na ni hasara tupu ukikipoteza. Mwenzangu aliuliza kwa nini hatusubiri tuvuke kiwango cha mauzo ndipo tujisajili VAT. Watoa huduma za kitaaluma hatuna kusubiri huko, tunasajiliwa bila kujali mauzo.

Shida kubwa ni kwamba VAT inahesabiwa tangu ankara itoke, hela iwe imeingia au bado. Taasisi ikichelewa miezi minne, ofisi imeikopesha. Tumeamua kazi za taasisi zote zigawanywe kwa awamu, na awamu ya kwanza ilipwe kabla ya kuanza. Mzee amepinga: "Hao ni watu wakubwa, hatuwezi kuwadai kama wauza duka." Tumebishana hadi adhuhuri. Mwishowe tumekubaliana barua ya madai ya ada isainiwe na dada wa mapokezi, si na wakili. Heshima ya Mzee imebaki, na barua zinaenda.

(Mteja wa Hombolo ameleta kreti ya zabibu, ni msimu. Zimeandikwa kwenye daftari kama zawadi, si malipo, na hazikufika jioni.)

19 Machi

Programu. Nimejaribu kadhaa za usimamizi wa ofisi za mawakili. Nzuri, lakini zinalipiwa kwa dola kila mwezi kwa kila mtumiaji, na zimejengwa kwa wakili anayeuza saa zake. Sisi hatuuzi saa, tunauza hatua: kufungua, kujibu, kusikilizwa, kuhitimisha. Tumebaki na jedwali moja la Excel lenye mafaili yote, kalenda ya pamoja kwenye simu, na ile ya ukutani. Ya ukutani ndiyo Mzee anayoisoma, hivyo haiondoki.

Nyaraka zote zinaskaniwa siku zinapoingia. Ni lazima hata hivyo, kwa kuwa mashauri yanafunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na hakuna anayepokea rundo la karatasi kama zamani. Nakala moja iko kwenye diski inayolala nje ya ofisi.

Kundi la WhatsApp la ofisi limefutwa. Lilikuwa na picha za vyeti vya ndoa, ripoti za hospitali, taarifa za benki, vyote vikichanganyika na salamu za Ijumaa na vichekesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na ofisi ya wakili inashika taarifa za watu kuliko duka lolote. Usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi umeanza, mwenzangu anaufuatilia.

8 Aprili

Juzi Jumamosi, 5 Aprili, Rais amezindua Makao Makuu ya Mahakama hapa mjini. Kikao cha leo kimegeuka kuwa mazungumzo ya soko, na si bure.

Mahakama iko hapa, wizara ziko hapa, na tangu Julai 2024 treni ya SGR inamleta wakili wa Dar es Salaam asubuhi na kumrudisha jioni. Mwenzangu anaiona kama tishio. Mimi naona kazi. Ofisi za Dar zinahitaji mtu wa kuhudhuria shauri linapotajwa tu (linapopangiwa tarehe bila kusikilizwa), wa kufuatilia nakala kwa msajili, wa kupeleka barua wizarani Mtumba na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kazi hizo tumekuwa tukizifanya kwa undugu. "Wakili msomi, nisaidie kesho uniombee tarehe." Kesho yake inakuwa saa nne benchini.

Tumetengeneza ukurasa mmoja wa bei kwa mawakili wenzetu: kuhudhuria kutajwa, kuhudhuria kusikilizwa, kufuatilia nakala, na muda ambao taarifa itamfikia, yaani siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi. Unaenda kwa anayeomba tu, maana kanuni za maadili za 2018 haziruhusu wakili kujinadi. Mwanasheria mwenye haraka akiletewa bei na ahadi ya taarifa kwa maandishi anashukuru. Urafiki haujafa.

6 Mei

Kikao cha Jumatatu cha robo saa kimeshika mizizi, tunasimama, hakuna viti. Swali ni moja kwa kila faili: hatua inayofuata ni ipi, ya nani, tarehe gani? Faili lisilo na jibu linawekwa kwenye kisanduku chekundu na halitoki humo mpaka lipate jibu au lifungwe.

Kufunga faili ni kitu tulichokuwa hatukifanyi. Kesi iliisha, faili likabaki kabatini likizeeka, hati za mteja zikiwa ndani. Sasa kuna barua ya kufunga: shauri limeisha hivi, hati zako halisi hizi hapa, saini umezipokea, unadaiwa au hudaiwi. Mzee mmoja wa Mvumi alipopigiwa simu aje achukue hati yake alidhani anadaiwa, akaja na mwanawe na mwenyekiti wa kitongoji. "Mbukwa," akasalimia, akakaa, akasubiri kusomewa deni. Aliposikia ni kuchukua tu karatasi yake akaisoma mara mbili, akauliza kama wakili amestaafu.

Na rejista ya majina imefanya kazi yake. Kijana ametaka kuishtaki familia yake juu ya nyumba ya Makole. Jina la mama yake limo: MR, mirathi, tulimwandalia sisi miaka iliyopita, na siri zake tunazo. Tumemwelekeza kwa wakili mwingine bila kumwambia sababu kwa kina. Ada imetupita, tena si ndogo. Dada ameniuliza kama hiyo inaingia kwenye ripoti ya mradi kama hasara. Nimeiandika chini ya mafanikio.

22 Mei

Ujumbe kwa mteja. Malalamiko makuu dhidi ya mawakili, ukisikiliza watu kwenye daladala, ni "hapokei simu". Kushindwa kesi huja nyuma sana. Karani sasa anatuma ujumbe mfupi kabla ya kutoka kwenye viwanja vya mahakama. Huu ni wa leo, majina nimeyaondoa:

"Habari za mchana mama. Shauri lako AR/25/009 leo limetajwa. Upande wa pili umeomba muda wa kuleta nyaraka. Tarehe mpya ni 17 Juni saa tatu asubuhi, huhitaji kufika. Tutahitaji ile risiti ya mwaka 2016 kabla ya 6 Juni. Ahsante."

Kinachofanya kazi humo ni "huhitaji kufika". Mama huyo anatoka Mpwapwa, na kila kutajwa kumekuwa kukimgharimu nauli na siku ya shamba. Simu za "imekuwaje leo" zimepungua mpaka dada amepata muda wa kuoanisha akaunti Alhamisi badala ya Ijumaa.

Karatasi zote za mteja ni za Kiswahili tangu mwezi huu: makubaliano ya ada, barua ya kufunga, taarifa. Sheria iliyobadilishwa 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ofisi nyingi, yetu ikiwemo, bado zinaandikia wateja kwa Kiingereza kwa mazoea. Kuandika upya makubaliano ya ada kulifichua vifungu viwili ambavyo hata sisi hatukujua vinamaanisha nini. Tumeviondoa.

24 Juni

Jambo jipya limeingia dakika za mwisho. Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la 2023, zilizinduliwa hapa Dodoma mwezi Aprili na zinaanza kutumika 1 Julai. Namba za vifungu kwenye sheria nyingi zimesogea. Kila kiolezo tulichokipanga tangu Januari, notisi, maombi, viapo, kinataja kifungu cha toleo la zamani. Mwanafunzi wa Shule ya Sheria amepewa kazi ya kuviangalia kimoja kimoja, mwenzangu anahakiki, na kila kiolezo kilichopita kinawekwa alama "T.U. 2023" (Toleo la Urekebu) pembeni. Kisicho na alama hakichapwi. Kama violezo vingekuwa bado vimetawanyika kwenye kompyuta tatu na flashi ya Mzee, tungekuwa tunavikuta mahakamani.

Yaliyobaki: usajili wa taarifa binafsi haujakamilika. Mafaili ya kabla ya 2015 hayajaskaniwa yote. Taasisi mbili bado hazijalipa awamu ya kwanza, na kazi zao hazijaanza. Mzee ameuliza mara moja tu, kisha akaacha. Fomu bado hajajaza hata moja, ila wiki iliyopita nilimkuta amesimama mbele ya kalenda ya ukutani akihesabu siku kwa kidole, akasaini kwenye nafasi ya mhakiki.

Kipande cha mwisho ni mkataba wa ubia. Ofisi imesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa jina la biashara, lakini kati yetu hakuna maandishi yanayosema faida inagawanywaje, nani ana mamlaka ya kusaini hundi ya akaunti ya wateja, na mafaili yanakuwa ya nani wakili akiondoka, akiugua au akistaafu. Rasimu ilikuwa kwa Mzee tangu Ijumaa. Ameirudisha leo na kalamu nyekundu. Amekata kifungu cha mgawanyo wa faida na kuandika cha kwake pembeni, ambacho kwa kweli kinatupendelea sisi wadogo. Kifungu cha kustaafu hakukigusa. Tunakijadili Jumatatu, baada ya kikao cha kusimama.